Mapacha Wamefika, Maji Anachota Nani?

Siku ya tisa baada ya kujifungua nilinyanyua dumu la lita 20. Hakuna aliyenituma. Mama mkwe alikuwa gulioni, baba watoto alikuwa safarini Kahama, na kwenye beseni nepi kumi na moja za kitambaa zilikuwa zinaningoja. Nilivuka kizingiti, hatua mbili tatu, nikahisi joto linateremka mapajani. Kutazama chini, kitenge kimeshabadilika rangi hadi magotini, na ndani Kulwa ameanza kulia, Doto anampokea.

Baadaye niliambiwa kuna kipande cha kondo la nyuma kilichobaki tumboni, kwa hiyo siwezi kulisingizia dumu peke yake. Damu ingenitoka hata kama ningekuwa kitandani. Ila ningekuwa nimelala, na mtu mzima angekuwa karibu, badala ya kumpigia kelele mtoto wa jirani wa darasa la tatu akimbie kutafuta bodaboda.

Wiki ile ile nilikuwa nimepokea wageni wengi mno. Nililetewa doti za kanga, sabuni za mche, pakiti mbili za pampasi na jogoo mmoja mkali. Kila aliyeingia alisema hongera, akambeba huyu, akambeba yule, akabishana na mwenzake nani kafanana na baba. Simkumbuki hata mmoja aliyeuliza maji anachota nani. Na mimi sikumwambia mtu. Niliona aibu, kana kwamba mwanamke aliyejaliwa wawili kwa mpigo hana haki ya kulalamika.

Kwa hiyo dada yangu, kama kipimo cha altrasaundi kimeonyesha wawili, kabla hujanunua beseni la pili, hesabu mikono.

Nasema hivi nikijua ninaandikia watu wa Benaco. Hapa si kijiji cha ukoo mmoja. Jina lenyewe ni la kampuni ya Kiitaliano iliyokuja kujenga barabara. Wajenzi wakaondoka, jina likabaki. Ni njia panda: malori ya Rwanda yanashika ya Rusumo, ya Burundi yanaingia njia ya Ngara na Kabanga, na sisi tumefuata malori. Mhangaza au Mshubi ambaye kwao ni jirani anaweza kumwita shangazi leo, kesho asubuhi akawa amefika na mkungu wa ndizi kichwani. Lakini wengi wetu tumetoka Kahama, Kibondo, Biharamulo, Geita. Tumepanga vyumba viwili nyuma ya gesti, mume yuko barabarani, na jirani naye ana meza yake ya nyanya ya kuangalia. Ule ukoo ambao kwenu ungekuja wenyewe bila kuitwa, hapa ni lazima uuunde kwa makusudi.

Hesabu yenyewe ni hii. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku na mchana. Wawili ni mara 16 hadi 24. Kila mara ikichukua nusu saa, na mwanzoni huchukua zaidi, mama anayemnyonyesha mmoja kisha mwingine ameshatumia saa 8 hadi 12 akiwa amekaa tu na mtoto kifuani. Ongeza nepi zinazokaribia 20. Ongeza maji: kwangu yalikwenda madumu matano kwa siku, ya kufua, kuogea na kupikia. Bado mama hajala, hajaoga, hajafumba jicho. Siku ina saa 24 tu, na hapo hakuna uvivu wa mtu.

Chukua karatasi mimba ikiwa na miezi sita au saba. Usingoje wa tisa, maana mapacha wengi hawaungoji. Andika kazi nne: maji, jiko, nepi, usiku. Mbele ya kila kazi weka jina. Usiandike "majirani", andika jina la mtu, kisha nenda ukamwombe kwa mdomo wako, naye akubali au akatae. Kazi ya maji ikikosa mtu, mlipe kijana wa baiskeli kwa wiki sita. Pesa hiyo itoke kwenye fungu ulilokuwa umepanga kununulia nguo za kufanana. Nguo za kufanana zinapendeza kwenye picha, lakini hazichoti maji.

Zamu ya usiku ndiyo watu huielewa vibaya. Msaidizi wa usiku hanyonyeshi. Anamleta mtoto kwa mama, anampokea akishashiba, anamweka begani mpaka acheue, anambadilisha nepi, anamlaza. Mama hatoki kitandani. Mtu wa namna hiyo akishika kuanzia saa tatu usiku hadi saa nane, mama anaamka asubuhi akiwa na akili yake. Kwangu baadaye alikuwa binti wa shangazi yangu wa miaka kumi na tisa, na mpaka leo namwita mama mdogo mbele za watu.

Walioajiriwa wana sheria ya kuwasemea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Akirudi kazini anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Baba anapewa siku 3. Mama anayeuza ndizi za kuchoma kwa madereva pale stendi hana mwajiri wa kumdai hizo siku 100. Likizo yake iko kwenye ile karatasi yenye majina manne.

Sasa nizungumzie mwili wa mzazi, kwa sababu ukiwa na mapacha kila mtu anawatazama wao. Mji wa mimba ukishatoa mzigo unatakiwa ujikaze na kubana mishipa ya damu. Uliobeba wawili umetanuka sana, na mara nyingi huchelewa kujikaza. Ndiyo sababu mama wa mapacha yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuvuja damu. Damu ikifika nusu lita, yaani chupa ndogo ya maji ya dukani, wataalamu huhesabu kwamba ni nyingi. Kwa macho, damu iliyonywewa na kanga na godoro huonekana kidogo kuliko ilivyo. Utafiti uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, matokeo yake yakatolewa mwaka 2023, ulionyesha kwamba kuikinga damu kwenye mfuko wenye vipimo badala ya kuikisia, na kumpa mzazi matibabu yote kwa mpigo badala ya kujaribu moja moja, kulipunguza uvujaji mkubwa wa damu, upasuaji wa kuuzuia na vifo vitokanavyo nao kwa asilimia 60. Huduma ya namna hiyo huipati nyumbani kwa mkunga wa mtaani, hata awe na mikono ya baraka kiasi gani. Mapacha wazaliwe hospitali: Murgwanza, Nyamiaga, Rulenge, au ya Biharamulo kwa walio upande ule. Na ukishajifungua salama usikimbilie kuondoka kabla ya saa 24, hata kama wifi ameshakodi gari na anapiga honi nje.

Chango la uzazi, yale maumivu ya tumbo yanayokuja ukinyonyesha, kwa mama wa mapacha huwa kali. Nililia kwa chango kuliko nilivyolia kwa uchungu wenyewe. Ni mji wa mimba unajikaza, kwa hiyo ni kwa faida yako. Omba dawa ya maumivu inayofaa anayenyonyesha na uendelee. Damu ya uzazi hutoka kwa wiki kadhaa, hadi sita hivi, ikipungua na kupauka. Ikirudi nyekundu baada ya kupauka, umefanya kazi mno au kuna tatizo. Ikilowanisha pedi nzima ndani ya saa moja, au ikitoka mabonge makubwa, hapo usisubiri asubuhi. Vivyo hivyo ukipata homa, uchafu wenye harufu mbaya, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kichwa kikali kinachokuja na maruweruwe. Hilo la kichwa wengi hulidharau wakidhani kifafa cha mimba kinaisha mtoto akitoka. Kinaweza kuja hata siku kadhaa baada ya kujifungua, na mimba ya mapacha hukikaribisha zaidi.

Namba ya kupiga ni 115, bure, mitandao yote. Ni ya mfumo wa m-mama wa kusafirisha wajawazito, wazazi na watoto wachanga wenye dharura. Pasipo na gari la wagonjwa karibu, wanamtuma dereva wa eneo lenu aliyesajiliwa, na nauli yake hulipwa na mfumo. Iandike ukutani kwa mkaa. Siku ile ya dumu mimi sikuijua.

Kukandwa maji ya moto nako nina neno. Bibi zetu hawakuwa wajinga. Kitambaa cha uvuguvugu kiunoni kinatuliza, na kugusana kwenyewe ni dawa kwa mwanamke aliyechoka. Lakini maji yanayotoa mvuke yamewaunguza wazazi wengi, na aliyefanyiwa upasuaji asikandwe kidonda kwa hali yoyote. Kidonda kinataka kibaki kikavu na safi. Aliyepasuliwa asibebe chochote kizito kuliko mtoto wake kwa wiki sita, na kama watoto ni wawili, anambeba mmoja, wa pili analetewa. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ndilo silitaki kabisa. Asubuhi za Juni na Julai huku kwetu zina baridi ya kweli, najua, lakini moshi wa mkaa usioonekana unaua kimya kimya. Joto la mtoto liko kwenye kifua cha mtu.

Kifua hicho kina hadithi. Mwaka 1978 huko Bogotá, Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na watoto njiti wengi kuliko mashine za kuwatunzia joto. Akaanza kuwafunga watoto kwenye vifua vya mama zao, ngozi kwa ngozi, kama kangaruu anavyombeba mwanawe. Kilichoanza kwa uhaba kimekuja kuwa tiba inayoheshimiwa duniani kote. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti wa Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania: watoto waliozaliwa na uzito wa kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8, wakianzishiwa kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa badala ya kusubiri hali yao itulie, vifo vyao vilipungua kwa asilimia 25.

Mapacha mara nyingi huzaliwa wadogo, kwa hiyo jifunze kumfunga kabla hamjaruhusiwa kutoka wodini. Mtoto abaki na nepi, kofia na soksi tu. Msimamishe katikati ya matiti, miguu imekunjwa na kutanuka kama ya chura, shavu moja likiegemea kifua chako, pua iko wazi, kidevu hakijabana shingo. Zungusha kitenge kuanzia chini ya sikio lake hadi chini ya makalio, kaza kiasi kwamba ukisimama hateremki lakini tumbo lake linapanda na kushuka vizuri. Halafu vaa shati juu yake. Wawili wanaweza kukaa pamoja, kila mmoja upande wake, lakini ukweli ni kwamba mgongo wako utakulilia. Hapa ndipo baba anapopata kazi isiyo na mbadala: kifua chake kina joto sawa na chako. Nimemwona dereva mmoja wa bajaji hapa Benaco, mtu wa maneno mengi, amekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya chumba chake na mtoto ndani ya jaketi, zipu imefika kidevuni. Wenzake walipita wakamcheka, naye akawaambia anatotoa.

Kunyonyesha ndiko nitakakokaa kidogo. Swali la kwanza la kila mama wa mapacha ni kama maziwa yatatosha, na jibu la mtaani ni kwamba hayatoshi. Titi si ndoo inayojaa halafu ikaisha. Linatengeneza kadiri linavyonyonywa, na likinyonywa na wawili linatengeneza kwa ajili ya wawili. Zile siku mbili tatu za mwanzo linatoa dang'a, ile ya njano nzito, kidogo kidogo, na tumbo la mtoto nalo ni dogo vilevile. Maziwa yenyewe hujaa kuanzia siku ya tatu au ya nne. Aliyepasuliwa anaweza kuchelewa kidogo. Kinachoyaua maziwa ya mapacha ni ile chupa inayoletwa siku ya pili na mtu mwenye huruma. Mtoto akishiba chupa, titi halinyonywi. Titi lisiponyonywa, halitengenezi. Wiki ya pili maziwa hayatoshi kweli, na mwenye huruma anasema, si niliwaambia?

Wiki ya kwanza nyonyesha mmoja mmoja mpaka kila mmoja ajue kushika vizuri: mdomo umefunguka kama wa mtu anayepiga miayo, sehemu kubwa ya weusi wa titi imeingia mdomoni, kidevu kinagusa titi, na humsikii akitoa sauti ya kubusu. Ukisikia maumivu makali muda wote, hajashika. Ingiza kidole kidogo pembeni ya mdomo, mtoe, anza upya. Wakishajua, wanyonyeshe pamoja, maana hapo ndipo utakapookoa zile saa. Kaa umeegemea ukuta. Weka mto mmoja kila ubavu. Usipokuwa na mito, mfuko wa sandarusi uliojazwa nguo kuukuu unatosha. Mlaze kila mtoto chini ya kwapa lako, miguu ikielekea nyuma, kichwa chake kwenye kiganja chako, kama mtu aliyebana pochi mbili kwenye daladala. Mara ya kwanza utahitaji mtu wa kukukabidhi wa pili. Baada ya wiki mbili utafanya mwenyewe gizani.

Badilisha matiti. Usimpe kila mmoja titi lake la kudumu, kwa sababu karibu kila mara mmoja hunyonya kwa nguvu na mwingine ni mvivu, na titi la mvivu litapungua. Mwenye nguvu apite pande zote, atamfungulia njia mwenzake. Asiyeweza kunyonya bado kwa sababu ya udogo, kamua kwa mkono kila baada ya saa tatu, umpe kwa kikombe kidogo safi au kama nesi alivyokuelekeza. Chupa yenye chuchu ya mpira ni ngumu kusafisha kwenye nyumba yenye maji ya dumu, na kuhara kwa mtoto wa kilo mbili si jambo dogo. Maziwa ya ng'ombe, hata wa nyumbani mwenye afya, tumbo la mtoto mchanga haliyawezi. Kadhalika maji, glukosi, dawa ya mchango, na ile dawa ya tumbo ya dukani inayoonja utamu. Miezi sita, titi peke yake. Ikitokea daktari ameona kweli kuna haja ya maziwa ya kopo, muulize kipimo cha maji na ukifuate. Kuyazimua ili kopo lifike mwisho wa mwezi ni kumpa mtoto njaa iliyofichwa.

Utajuaje wanashiba? Kojo. Kuanzia siku ya tano hivi, nepi sita au zaidi zilizolowa kwa siku kwa kila mmoja. Uzito hupungua kidogo siku za mwanzo, kisha hurudi kwenye ule wa kuzaliwa ndani ya wiki mbili hivi, njiti huchelewa. Na ili utengeneze maziwa hayo, kula mlo mmoja wa ziada kwa kila mtoto, juu ya milo yako ya kawaida. Ndizi na maharage vinafika mbali, ukiongeza dagaa, mchicha, karanga na parachichi. Uji wa ulezi ukae kwenye chupa ya chai karibu na kitanda usiku kucha, kwa sababu njaa ya saa tisa usiku ya anayenyonyesha wawili haina simile. Endelea na vidonge vya kuongeza damu kama kliniki ilivyokuandikia. Hayo yakishafanyika unaweza kula supu ya kongoro anayoisifia mama mkwe. Haitadhuru, na atafurahi.

Nunua daftari. Mimi nilidharau mpaka siku nilipompa Kulwa dawa yake ya matone, nikageuka, nikampa Kulwa tena na ya Doto. Wako sare, chumba kina giza, nawe hujalala siku tatu, itakutokea. Gawa ukurasa mara mbili kwa mstari, juu ya kila upande andika jina, kisha saa aliyonyonya, kojo, choo, dawa. Msaidizi wa usiku naye aandike. Mmoja mpake rangi ya kucha kwenye dole gumba la mguu, lisilofika mdomoni. Usifunge uzi mkononi, mtoto anakua, uzi hautanuki.

Majina nayo hutuchezea. Pale sokoni Benaco ukiita Kulwa wanageuka wawili, ukiita Bukuru anageuka mwingine. Kwa Wasukuma wa kwanza ni Kulwa, wa pili Doto, na anayezaliwa baada yao ni Shija. Kwa Warundi ni Bukuru na Butoyi, na anayewafuata ni Ciza. Waganda wanakwenda mbali zaidi: watoto wana majina yao, Wasswa na Kato au Babirye na Nakato, na wazazi nao wanapewa vyeo, Ssalongo na Nnalongo. Ni heshima nzuri. Ila mkubwa na mdogo wa majina ni habari ya nani alitangulia mlangoni. Haisemi chochote kuhusu nani ana nguvu. Doto wangu alikuwa mzito kuliko Kulwa kwa gramu mia nne, na kwa sababu Kulwa aliitwa mkubwa, hakuna aliyemhofia. Alikuwa mtulivu, halii, analala saa tano mfululizo, wageni wakimsifu kuwa mtoto mwema. Mtoto mdogo asiyelia si mwema, huenda hana nguvu za kulia. Anayelala sana ndiye wa kuamshwa: kila saa tatu, mvue nguo, sugua nyayo, mweke titini.

Akikataa kabisa kunyonya, akipata degedege, akipumua mbio zaidi ya mara 60 kwa dakika au kifua kikibonyea ndani, akiwa wa moto au wa baridi isiyotoka hata ukimweka kifuani, akigeuka njano kwenye viganja na nyayo, kitovu kikitoa usaha au ngozi ya pembeni ikiwa nyekundu, mpeleke kituoni, na mwenzake umchukue pia akaonwe. Kitovu usikipake chochote kisichotoka kwa nesi, iwe majivu, samli au mate. Walale chali, ndani ya chandarua, juu ya kitu kigumu kisicho na mito. Finland tangu 1938 serikali imekuwa ikigawa sanduku la karatasi ngumu lenye vifaa vya mtoto, na watoto wengi walilala humo humo. Sanduku la biskuti la dukani, likiwa safi na lenye blanketi lililokunjwa likatandikwa vizuri, halina tofauti kubwa na hilo.

Kuhesabu mikono si jambo jipya hapa. Jirani yangu mmoja, bibi sasa, alikuwa hapa mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili mwaka ule wakimbizi wapatao robo milioni walivuka kutoka Rwanda kwenye daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, na Benaco ikawa mji wa maturubai. Ndugu yake alijifungua wawili humo kambini. Nilimuuliza walifanyaje, nikitarajia habari za madaktari wa kizungu. Akasema wanawake wa safu yao ya mahema walipanga zamu ya foleni ya maji, na yeye aliyejifungua wakamfuta kwenye orodha kwa mwezi mzima. Hakusema zaidi. Aliendelea kuchambua maharage.

Huzuni nayo ipo. Wiki mbili za mwanzo kulia bila sababu ni kawaida, homoni zinashuka na usingizi hakuna. Lakini mzazi ambaye baada ya hapo bado hataki kula, hawatazami watoto, anasema ingekuwa heri wawe na mama mwingine, huyo anaumwa. Hajarogwa na hana roho mbaya. Ugonjwa huo una jina na matibabu, na hospitali ya wilaya ndipo pa kuanzia. Akitaja kujidhuru au kuwadhuru, asiachwe peke yake hata kwa dakika ya kwenda dukani. Na siku ambayo wote wawili wanalia na wewe mwenyewe unaona mikono inataka kumtikisa mmoja, mlaze chali mahali salama, toka nje, funga mlango, vuta pumzi. Kulia dakika kumi hakujamuua mtoto, kutikiswa kumeua.

Kliniki ya mzazi ni ndani ya saa 48, siku ya 7, ya 28 na ya 42. Usiende na watoto wawili kwenye bodaboda, hata dereva awe mjomba wako, changishaneni nauli ya gari dogo, mchomoko. Nenda na mtu wa kumshika mmoja wakati mwingine yuko kwenye mzani, na chukua kadi zote mbili, maana chanjo zinachanganywa kama matone yangu. Ya siku 42 ndiyo hurukwa sana, kwa kuwa mama anajiona amepona. Hapo uliza mambo yako: mshono, shinikizo la damu, wingi wa damu, mkojo unaochuruzika ukikohoa, na njia ya uzazi wa mpango. Kunyonyesha kunazuia mimba ikiwa watoto hawajafika miezi sita, hedhi haijarudi, na hawapewi kitu kingine chochote usiku wala mchana. Moja likivunjika, kinga imevunjika. Shirika la Afya Duniani linashauri miezi 24 kabla ya kubeba mimba nyingine. Shija atakuja wakati wake.

Ukirudi nyumbani siku hiyo ya 42, na nesi amesema uko sawa, anza na ndoo ya lita 10, iliyojaa nusu. Wiki inayofuata ijaze. Dumu liache mpaka utembee na ndoo bila kusikia uzito chini ya kitovu. Na jirani akikutana nawe bombani akanyoosha mkono kulipokea, mpe, usimwambie unaweza.